Nakala ya Njano

Mshumaa mwekundu ulikuwa umebaki kipande cha kidole gumba. Aliukwangua kwa kisu juu ya sufuria ndogo ya mafuta ya kula, taratibu, maana mafuta yakishika moto sana rangi hugeuka kahawia na kazi yote inaharibika. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena wiki ile, mara ya tatu, na mwenye duka alikuwa ameanza kuyapima kwa vikombe vya chai. Kikombe cha leo kilikuwa cha mboga ya jioni. Yeye alikimimina chote kwenye rangi.

"Mama, sasa mboga tutakaangia nini?" binti yake aliuliza huku akifunga viatu vya shule.

"Tutachemsha. Kesho ni onyesho, mwanangu. Vumilia."

"Mimi sina neno. Ila nimeshawaambia darasa zima. Wanasubiri bango. Nimewaambia jina la mama yangu litakuwa chini ya jina la bendi."

"Litakuwepo. Meneja aliniahidi kwa mdomo wake."

Miaka kumi na saba alikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya sekondari. Alijifunza kusoma lebo kabla ya kugusa chupa, kuhesabu kila kitu mara mbili, na kuzima moto wa spiriti bila kupiga kelele. Alikuwa hata na cheti cha kuzima moto, cha kozi ya wiki mbili. Kisha wakubwa wakaona sayansi inaweza kufundishwa kwa chaki tu, wakafunga maabara, na wakamuaga kwa kumpa projekta mbovu, ile ya zamani yenye kioo cha kuwekea karatasi na taa chini yake. Waliona wamempa takataka. Aliitengeneza mwenyewe.

Siku hizi alikuwa anafagia ukumbi mdogo wa muziki, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Hapo ndipo alipokutana na bendi. Walikuwa wanapiga roki ya anga, muziki mrefu wa magitaa yenye mwangwi, wimbo mmoja nusu saa, ukifumba macho unajiona unaelea huko kwenye nyota. Siku moja wakiwa mazoezini alileta projekta yake na vioo viwili vya saa za ukutani. Kioo kikubwa alikitia mafuta mekundu na maji ya bluu, akabandika kile kidogo juu yake, akaanza kukikandamiza kwa kiganja kufuata besi. Ukuta mzima ukawa unapumua. Mpiga ngoma alisahau kupiga. Tangu siku hiyo wakambatiza jina, Maabara, na watu wakaanza kuja kwa ajili ya ule ukuta kama walivyokuja kwa ajili ya magitaa.

Asubuhi hiyo ya Ijumaa alipofika, bango lilikuwa limebandikwa mlangoni. SAFARI YA ZOHALI, USIKU MMOJA TU. Nyuma ya maandishi kulikuwa na picha ya mapovu yake mekundu. Aliyajua mapovu yake kama mtu anavyojua mwandiko wake. Chini, kwa herufi nzito: Sanaa ya Mwanga, na jina la shemeji wa meneja.

Alisoma mara mbili, kama alivyozoea. Halafu akasimama pale ngazini na mfuko wa vioo mkononi.

Ndani alimkuta mpiga besi anafunga nyaya. Mtu mzima kama yeye, mpole, asiyependa ugomvi.

"Umeona," mpiga besi alisema, bila kumtazama usoni.

"Nimeona. Huyo shemeji ameshika kioo lini?"

"Maabara, sisi tulisema. Haki ya Mungu tulisema. Meneja akajibu nafasi haitoshi."

"Nafasi haitoshi! Na hiyo chupa ya soda iliyokaa pembeni ya bango kama bwana harusi, yenyewe imetoshaje?"

"Wao ni wadhamini."

Kumbe mambo hayakuishia kwenye jina. Shemeji mwenyewe alikuwa jukwaani na kompyuta yake, miwani ya jua kichwani, na ukutani zilikuwa zinacheza rangi ambazo hakuna mtu aliyekuwa anazikandamiza. Zilikuwa video. Wiki mbili mfululizo meneja alikuwa amemrekodi Maabara akifanya mazoezi, akimwambia ni ya kumbukumbu. Naye, mjinga wa watu, alikuwa anajisogeza ili mwanga uingie vizuri kwenye kamera.

Meneja alitoka ofisini akipiga makofi. "Mama yetu! Umependeza leo. Sikiliza, kesho usijichoshe na mavioo yako. Tumekwenda kidijitali. Wewe njoo keshokutwa tu, ufagie."

"Na jina langu?"

"Mama, jina ni kitu gani? Sisi wote ni familia hapa."

Familia. Bango lenyewe lilikuwa linaonyesha wazi familia ni ya nani. Mtu akiwa na hasira maabara anaweka chupa chini kwanza, ndivyo alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi. Akaweka mfuko wake chini, akachukua ufagio. Lakini moyoni alikuwa ameshaapa kwamba mtu huyu hatalala usingizi mzuri kesho.

Hakujua atamfanya nini. Alifagia na kufikiria. Kumwaga maji kwenye kompyuta? Utoto. Kulichanachana bango? Yamebandikwa mia mbili mjini. Kwenda kulalamika? Kwa nani, na kwa nauli gani?

Saa sita mchana akapanda afisa wa zimamoto, anahema, begi kwapani. Alikuja kukagua ukumbi kwa ajili ya kibali, ingawa macho yake yalikagua zaidi friji la vinywaji. Meneja akamfungulia soda baridi, akamvutia kiti kilicho karibu na feni.

"Idadi ya watu?" afisa aliuliza.

"Themanini, kama kawaida," meneja alisema.

Yeye aliyekuwa na ufagio alisimama. Jumanne alikuwa amekaa mezani na rula na wembe, anakata tiketi za kesho, na kwa kuwa huhesabu kila kitu, alizihesabu. Mia moja na tisini. Na hadi jana zilikuwa zimekwisha zote.

"Mlango wa nyuma?"

"Upo," meneja alisema. Upo kweli. Umezibwa na magodoro ya dukani mpaka juu.

Afisa akaandika "Upo" bila kuinuka. "Msimamizi wa usalama? Awe na cheti. Bila huyo sigongi muhuri, hata kama sisi ni ndugu."

"Huyu mama hapa," meneja alisema, akimnyooshea kidole aliyekuwa na ufagio. "Nakala ya cheti chake ninayo ofisini, tangu alipoomba kazi." Kisha akamsogelea, akanong'ona. "Ni karatasi tu, mama yangu. Weka saini hapo tumalize, mzee ana haraka."

Sasa akaelewa. Kuajiri msimamizi wa kweli ni gharama. Kwenye bango jina lake halikutosha, ila kwenye fomu, pale anapotafutwa mtu wa kufungwa moto ukilipuka, palikuwa na mstari mzima unamsubiri.

"Naomba nisome kwanza," alisema.

"Mama, hizo ni kurasa nne," afisa alisema.

"Nasoma haraka."

Akavuta kiti. Meneja akacheka, akamkonyeza afisa, kama watu wazima wanavyomvumilia mtoto. Yeye akasoma kutoka juu. Kifungu cha tano kilikuwa kama alivyodhani: likitokea lolote, atakayejibu ni msimamizi. Akafungua ukurasa. Kifungu cha saba kilisema msimamizi atakuwepo mlangoni mwanzo hadi mwisho, na asipokuwepo kibali hakina nguvu. Kifungu cha nane akakisoma mara mbili. Msimamizi atazuia mtu yeyote kuingia pindi idadi ikitimia, na anaweza kukata umeme na kufunga ukumbi akiona hatari. Atakayemzuia ametenda kosa.

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kufika kifungu cha nane tangu fomu ile ilipochapishwa.

"Afande," alisema kwa adabu, "nikishaweka saini, jina linaweza kubadilishwa?"

"Linabadilishwa ofisini tu, kwa barua. Ofisi leo inafungwa saa saba. Mpaka Jumatatu."

"Basi nipe kalamu."

Aliandika jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa zilizosimama. Afisa akagonga muhuri. Fomu ilikuwa na nakala tatu: nyeupe akaibana kwenye begi, ya waridi akampa meneja. Ya njano akaivuta kuitia begini.

"Hiyo ya njano ni ya nani?"

Afisa akaitazama kama ndiyo anaiona mara ya kwanza. "Ya msimamizi," alikiri.

"Ya nini kwako, mama?" meneja akauliza.

"Ya kumbukumbu," alisema.

Meneja alikunja ya waridi bila kuisoma, akaichomeka mfuko wa nyuma, na wakashuka na afisa ngazini wakizungumza chini chini.

Alikusanya vioo vyake, akavifunga kimoja kimoja kwenye gazeti. Mpiga besi alimsaidia kubeba projekta hadi barabarani.

"Usikate tamaa," alimwambia. "Kesho utakuja kututazama?"

"Nitakuja. Ninyi pigeni vizuri. Mkisikia kelele mlangoni msiwe na wasiwasi."

Mpiga besi alimtazama, akataka kuuliza, akaona heri asijue.

Jioni walikula mboga ya kuchemsha. Binti aliigeuzageuza mboga kwa kijiko. Bango alikuwa ameliona njiani kutoka shule, na wenzake pia, na walikuwa wamemcheka.

"Uliniambia jina lako litakuwepo," alisema hatimaye, macho kwenye sahani.

Mama akaichomoa nakala ya njano, akaiweka mezani. "Lipo. Soma."

Binti alisoma. Alikuwa mtoto wa mama yake, alisoma yote. Alipofika ukurasa wa tatu kijiko kilisimama.

"Tiketi ziko ngapi?"

"Mia moja na tisini."

"Na wewe utaingiza themanini." Binti aliwaza kidogo. "Lakini hao wengine wamelipa, mama."

"Wamelipa kwa meneja. Wakamdai meneja. Na ngazi ni moja, mwanangu, mlango wa nyuma una magodoro." Angependa kuishia hapo, aonekane anafanya kwa ajili ya usalama wa watu. Lakini hajawahi kumdanganya mtoto huyu. "Na nataka aumie. Nataka aumie mbele za watu."

Alisimama, akatoa juu ya kabati sanduku la vitu vya maabara. Chini kabisa kulikuwa na kihesabio cha mkononi, kile cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, alichokuwa akihesabia matone. Akakipangusa vumbi, akakirudisha sifuri.

"Meneja na shemeji yake huwa wanafika saa ngapi?" binti aliuliza.

"Wanakuja pamoja na wale wadhamini wa soda. Wanafika mwisho, watu wote wakishakaa. Wakubwa hawapangi foleni."

Akabonyeza mara moja kujaribu. Kilikuwa bado kinafanya kazi.