Mashavu ya Mama Chilufya

Mashavu yale niliyajaza mimi, kwa mkono wangu huu unaoshika kikombe cha chai sasa. Niliyachukua kwa Chancelvie, binti aliyepigwa picha wiki ile kwa sababu alifaulu mtihani wa serikali, nikayabandika kwenye uso wa mwanamke wa miaka sabini na miwili aliyekuwa amelala mochwari. Hereni nilizitoa kwa bibi harusi mmoja. Kikwembe cha superwax, kile kitenge cha bei ghali, sikumbuki nilimvua nani. Hadi leo nikilikumbuka jambo hili mate hunijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Mama Chilufya alikuja studio yangu, hapa mtaani Hewa Bora, miezi mitatu kabla hajafa. Alikuja kwa miguu, ameshikwa mkono na Marceline, mwuza makaa aliyempangisha chumba uani kwake. Kwa miaka miwili Marceline alimwogesha, akampikia bukari, ugali wetu, akamsindikiza kanisani kila Jumapili. Si kwamba mama hakuzaa. Alizaa Stéphane, tena mwanamume mwenye uwezo, anayewapitishia wafanyabiashara malori mpakani Mokambo. Kutoka Mokambo hadi kwetu si safari ya kuaga ukoo, lakini miaka minne mguu wake haukufika kwa mama yake, na Marceline hakuwahi kumwona hata sura. Alikuwa akituma salamu kwa simu. Salamu haziogeshi mtu.

Nilitaka kumpaka mama poda, maana paji lake lilikuwa linang'aa. Akanizuia mkono.

"Virginie, mutoto wangu, unipige bile niko," alisema. "Hii sura nilitumika nayo maisha yangu yote. Siku ya kilio yangu muweke hii ku fulana, benzangu baone ni miye."

"Mama, maneno ya kilio inatoka wapi tena?"

"Unaitika ao hauitiki?"

Nikaitika.

Marehemu baba, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema uso haurembwi, uso unangojewa. Basi nikangoja. Mama alikaa kwenye kigoda, akaisahau kamera, akaanza kumgombeza Marceline kwa sababu ya sufuria iliyoachwa motoni nyumbani, kisha akanyamaza ghafla na kunitazama. Hapo nikabonyeza. Mifupa ya mashavu imetokeza, makunyanzi tele, jicho moja dogo kuliko jingine, na kiburi chake chote kipo pale, hakuna kilichobaki nje. Najigamba, ndiyo. Miaka ishirini na sita nimeshika kamera, na sijapiga picha nyingine ya kuilinganisha na ile.

Alipofariki, Stéphane alikuja kwa gari moja kwa moja hadi studio, miwani myeusi usoni. Nilimwonyesha picha. Akapinda midomo.

"Hii hapana," akasema. "Bantu batasema mama alikufwa na njala."

Akaigonga picha kwa kidole, kwenye mashavu.

"Umunoneshe kidogo, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa. "Umupake rangi ya kuangaa. Na hereni, s'il vous plaît. Nitabavalisha bantu mia mbili iyi foto. Unaona haya itanipata?"

"Mama mwenyewe njo alichagua hii. Niliitika mbele yake."

"Mama alikufwa, yaya Virginie. Miye njo niko hapa."

Nilipaswa kumwonyesha mlango. Sikumwonyesha. Nilijiambia mfiwa hagombezwi, na watu wakipenda kujidanganya wanajidanganya wao, mimi ni fundi tu. Loo, maneno matamu hayo! Ukweli ni mchafu zaidi. Niliianza kazi kwenye kompyuta kwa kinyaa, lakini nilipofika kwenye mashavu nikaanza kufurahia. Nilifurahia jinsi kiungo kilivyojificha, ngozi ya binti ikaingia kwenye ngozi ya bibi pasionekane mshono. Nilipiga hata mluzi. Jicho dogo nikalipanua likalingana na mwenzake. Makunyanzi nikayafuta moja baada ya jingine, kama mtu anayesugua masizi ya sufuria. Nilipomaliza, kwenye skrini alikuwepo mama mmoja mnene, mweupe kiasi, wa miaka hamsini hivi, labda mke wa mkurugenzi. Sijapata kumwona maishani mwangu.

Stéphane alivua miwani, akalia.

"Njo ye! Njo mama kabisa!"

Yalikuwa machozi ya kweli. Hilo ndilo lililonichefua kuliko yote.

Jumamosi sikwenda kuzika. Nilisema nina harusi ya kupiga picha, na harusi yenyewe haikuwepo. Nilikaa studio nimejifungia, nikiwaza uwanja wa mochwari unavyokuwa Jumamosi asubuhi. Majeneza hutoka mfululizo, familia tano, sita, kila moja na nyimbo zake, kila moja imemvaa marehemu wake kifuani. Anayefika hahangaiki kuuliza. Huangalia sura kwenye fulana, akiiona ile anayoijua husimama hapo na kuanza kulia.

Saa nane mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Marceline, kikwembe cheusi, vumbi hadi magotini, viatu mkononi.

"Yaya Virginie, mama bamuzika wapi?"

"Haukufika ku morgue?"

"Nilifika mbele ya saa tatu. Stéphane aliniambia ku simu, saa tatu. Vilio vilikuwa tano. Nilizunguka yote, niliangalia mafoto yote. Mama hakukuwa. Nikasema labda babadilisha siku. Nikarudia tena, nikazunguka. Kisha nikaenda paka ku makaburi kwa miguu. Na kule hapana."

"Ungeuliza bantu, Marceline."

"Niulize nini?" Alinishangaa kweli. "Kusoma sijui, lakini sura ya mama naijua. Nilikuwa namusafisha kila siku."

Hakuwa ananilaumu. Angenilaumu ningepumua. Ndani ya mtoto wa meza nilikuwa na fulana moja, Stéphane aliniachia kama shukrani. Ningeweza kumdanganya yule mwanamke, akaenda nyumbani akiamini kwamba siku ilibadilishwa. Niliitoa, nikaikunjua mbele yake.

Marceline aliweka viatu chini. Akaishika fulana kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu sana.

"Aba bantu nilibaona," akasema. "Balikuwa karibu na geti. Mwanaume wao alikuwa analia, analia, nikamusikilia huruma."

Akaikunja fulana taratibu, pembe kwa pembe, akairudisha mezani.

"Nilimupatia mukono," akasema. "Nikamupa pole ya mama yake, kisha nikaendelea kutafuta wangu."