Alhamisi za Omosa

Unywele ulikuwa mrefu kama mkono, wa rangi ya kahawia, umenasa begani kwenye sweta ya Omosa. Nyabate aliuvuta polepole, akaupeleka mlangoni penye mwanga. Yeye mwenyewe alikuwa amenyoa. Binti yao Moureen alikuwa amenyoa, kama shule inavyotaka. Mwanamke mwenye nywele hizi, akajiambia, amezinunua dukani. Hakumuuliza mumewe kitu. Aliukunja ndani ya karatasi ya sukari, akauficha nyuma ya Biblia.

Kwa miezi miwili, kila Alhamisi, Omosa alikuwa akiaga kwamba anaenda kliniki Kaplong. Sababu ya kliniki ilikuwepo. Mwezi Machi, yeye na rafiki yake Atuti walikuwa wakichuma chai radi ilipopiga. Atuti alikufa papo hapo, kikapu kikiwa mgongoni. Omosa, aliyekuwa hatua nne tu pembeni, aliinuka bila jeraha. Tangu hapo mbingu ikinguruma, mtu mzima wa miaka arobaini na moja aliingia chini ya kitanda akatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Na huku kwenye chai hunguruma karibu kila siku baada ya chakula cha mchana. Jina la Atuti hakulitamka tena.

Lakini ni kliniki gani inamrudisha mtu na matope magotini? Ni daktari gani anapelekewa karoti? Jirani yake Sally aliongeza kuni motoni.

"Mzee wangu alimwona Mogogosiek, Mama Moureen. Si Kaplong. Aliingia kwa yule mama mjane, Sista Chepkemboi, aliyekuwa nesi. Sisi hatuingiangi huko. Huwezi jua anafanyia watu nini."

Alhamisi iliyofuata Nyabate alimwacha Omosa apande bodaboda, kisha naye akapanda nyingine. Alishuka mbali kidogo na boma lenye ua wa misipresi, akapenya kati ya miti, akachungulia.

Mwanamke aliyevaa suruali na gambuti alisimama akiwa amempa mgongo. Mbele yake alikuwa Omosa; mengine yalizibwa na matawi. "Usiharakishe," mwanamke alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Weka mkono shingoni. Pumua naye."

Nyabate akatoka mitini, akazunguka hadi mbele. Akasukuma lango kwa bega.

"Baba Moureen! Hii ndiyo kliniki?"

Omosa aligeuka, na hapo ndipo Nyabate alipoona shingo yenyewe. Ilikuwa ya farasi, jike kubwa la kahawia, mkia wake ukipepea hadi karibu na kwato. Nyabate hakuwahi kumsogelea farasi. Alirudi nyuma hadi lango likamgonga mgongoni. Wivu ulimtoka, lakini nafasi yake ilijazwa mara moja na shaka nyingine, mbaya zaidi. Afadhali mwanamke. Mwanamke anaeleweka.

"Karibu, mama," Chepkemboi alisema. "Huyu anaitwa Tamu. Alikuwa wa mashindano Nairobi. Alipozeeka, ndugu yangu akamleta hapa."

"Na mume wangu anafanya nini na yeye?"

"Anampiga brashi. Anamtembeza. Anakaa na yeye."

"Halafu wewe unapata nini?"

"Tamu anapigwa brashi. Mimi nina miaka sitini na nne, mgongo unauma."

"Hakuna mtu hupeana dawa bure, Sista. Unataka atoke kanisani? Kuna kiapo mnaapisha watu hapa?"

Chepkemboi alifungua mdomo kujibu, lakini mbingu ilitangulia. Ngurumo ilianzia upande wa Kericho, ikabingirika juu ya vilima vya chai. Nyabate alisahau ugomvi. Alimkimbilia mumewe, maana alijua kinachofuata, na hapa hapakuwa na kitanda cha kujifichia.

Farasi alitangulia kuogopa. Aliinua kichwa, macho yakabaki meupe, akavuta kamba nusura amwangushe Omosa. Omosa alikuwa akitetemeka. Lakini kamba hakuiachilia. Alisogea, akaweka paji la uso kwenye shingo ya mnyama, akaanza kuongea naye kwa Kikisii, polepole, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Atuti alitaka twende nyumbani," alisema. "Aliona wingu. Mimi ndiye nilisema tumalize mstari. Ni mimi."

Ngurumo ya pili ilipiga. Farasi alishtuka, akatulia. Omosa aliendelea kusema maneno yale yale, mpaka mvua ikaanza na Chepkemboi akawaingiza wote bandani.

Nyabate alikaa juu ya nyasi kavu, ameloa. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi na tano, na siri yake ameisikia ikipewa mnyama.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Omosa alifuta maji usoni. "Wewe ungeniambia si makosa yangu."

"Si makosa yako!"

"Unaona? Huyu hasemi kitu."

Nyabate alikamua maji kwenye sketi. Alimtazama Chepkemboi, aliyekuwa akikausha mgongo wa farasi kwa gunia, na bado hakumwamini.

Jumapili, baada ya ibada, Omosa alienda kwa Yunia, mjane wa Atuti, akayasema yale yale, safari hii kwa mtu. Yunia alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Nyabate alikasirika kuliko mumewe. Zilipita wiki tatu kabla Yunia hajamsalimia Omosa kwenye kituo cha kupimia majani. Alimsalimia tu, na Omosa alirudi nyumbani akala sahani mbili.

Sasa huchuma asubuhi, na wingu likijikusanya huteremsha kikapu akaondoka bila kuona haya. Chini ya kitanda haingii tena, ingawa ngurumo kubwa humfanya ashike ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Alhamisi huenda wawili. Nyabate huwaambia watu kwamba anamsindikiza mgonjwa. Ukweli ni kwamba anamchunga Sista. Husimama nje ya uzio na mwavuli, anahesabu dakika, anasikiliza kila neno linalosemwa humo ndani, na Chepkemboi, ambaye hajawahi kulalamika, humwekea kiti.