Darasa Juu ya Duka la Spika

Mtaa mzima ulimwita Volumu, na jina hilo alilipenda. Alikuwa fundi wa muziki wa sherehe. Ukioa, ukiozesha, ukihitimu, ukifungua duka jipya, unamwita Volumu, naye anafika na gari lake dogo la mizigo limesheheni spika nyeusi zenye kimo cha mtu mzima. Kabla wageni hawajaketi, vioo vya madirisha vimeshaanza kutetemeka. "Muziki usiposikika kifuani si muziki," alizoea kusema, "ni uvumi."

Duka lake lilikuwa chini, kwenye jengo la ghorofa moja. Juu yake, kwa kupanda ngazi za chuma zilizokuwa nje, palikuwa na chumba kirefu cha mwanamke mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mchana aliwanyoosha watu migongo na magoti. Jioni, wagonjwa wakishaondoka, alisukuma vitanda ukutani, akatandika mikeka, na watu wakaja kukaa kimya. Kukaa tu. Mlangoni aliandika neno moja, "Tafakuri". Volumu alimpachika jina la Bibi Kimya, ingawa walikuwa rika moja, na hakumpachika kwa mapenzi.

Maana jioni ndiyo saa aliyoitumia Volumu kujaribu vyombo vyake. Juu watu wanafumba macho, chini besi inaanza kugonga, mikeka inacheza sakafuni.

Siku moja Bibi Kimya alishuka, akasimama mlangoni mwa duka, mikono nyuma.

"Jirani, nakuomba nusu saa tu. Tukimaliza sisi, na wewe uanze."

"Dada yangu," Volumu akamjibu, huku anafuta vumbi kwenye amplifaya, "wewe unafundisha watu kunyamaza. Kunyamaza nako kunataka darasa? Mimi nikifunga mdomo hivi, tayari nimehitimu."

Alicheka peke yake. Mwenzake hakucheka, wala hakununa. Alimtakia jioni njema akapanda ngazi zake taratibu, na utaratibu ule ulimkera Volumu kuliko tusi. Akapandisha sauti.

Basi, asubuhi moja aliamka na mlio. Ulikuwa mwembamba, mkali, haukatiki. Alidhani ni friji. Akaenda jikoni akaichomoa. Mlio upo. Akazima swichi kuu ya nyumba. Mlio upo vilevile. Mkewe, mwalimu wa watoto wa chekechea, alimkuta amesimama katikati ya jiko, waya wa friji mkononi.

"Baba watoto, hiyo friji imekukosea nini?"

"Husikii huo mlio?"

"Mlio gani?"

Aliuachia waya ukaanguka. Hapo ndipo alipojua kwamba sauti ile haitoki popote ndani ya nyumba. Inatoka kwake.

Daktari wa masikio, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimwingiza kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, akamvalisha vifaa masikioni, akamwambia anyooshe kidole kila atakaposikia kitu. Zilipita nafasi ndefu kidole kikiwa kimelala pajani. Alipotoka, daktari alimwambia bila kuzunguka.

"Masikio yako yamepigwa miaka mingi. Ndani mna vijinywele vidogo vinavyopokea sauti, na vyako vingi vimekufa. Ubongo hauzipati tena zile sauti, kwa hiyo unajitungia za kwake."

"Nipe dawa."

"Ya kuufuta huo mlio sina, na atakayekwambia anayo, mkimbie. Kazini ziba masikio. Hilo si ombi. Kuhusu kuishi nao, wapo wagonjwa wangu wanaosaidiwa na kutafakari. Ulizia, huenda kuna mwalimu karibu na kwako."

Volumu alimkodolea macho kama mtu aliyetumwa kwenda kuomba chumvi kwa adui yake.

Hakwenda. Alinunua vizibo vya masikio, na vizibo vikaziba kila kitu isipokuwa mlio. Akawa hapati usingizi wa maana. Akawa mkali, kijiko kikianguka jikoni, yeye ameshasimama. Alianza kukataa kazi akisingizia gari bovu. Jioni dukani hakujaribu tena spika. Aliketi katikati ya spika hizo kama mlinzi wa makaburi, akiusikiliza mlio na kuuchukia. Watu wa mtaani walianza kuulizana kama amehama.

Mkewe alivumilia, kisha akachoka kuvumilia. Alikuwa anakunja nguo za watoto, na hakuacha kukunja alipomwambia.

"Wewe mwanamume, zile ngazi ni za chuma. Haziumi. Zipande."

"Nitamwambia nini yule? Baada ya yote niliyomfanyia?"

"Utamwambia 'hodi'. Hata watoto wangu wa darasani wanaliweza."

Akapanda. Bibi Kimya alikuwa anapanga taulo kabatini.

"Nimekuja kuhusu kelele," Volumu alisema.

"Zako?"

"Zangu. Ila safari hii ziko huku." Akagusa sikio.

Alijiandaa kuchekwa. Mwanamke yule aliweka taulo la mwisho, akafunga kabati, akamtazama vizuri.

"Pole sana, jirani. Njoo jioni. Vaa suruali isiyobana."

Jioni ile palikuwa na watu wachache. Muuza nyama wa mtaa wa pili, jitu la miraba minne. Nesi wa wodi ya watoto wachanga. Na dereva wa tingatinga ambaye buti zake peke yake zilijaza nusu ya varanda. Wote walimwangalia Volumu anavyoingia, wakaangaliana, na muuza nyama akajikohoza kuficha kicheko. Bibi Kimya aliwaambia wakae wima bila kukakamaa, wafuate pumzi ikiingia na kutoka, na akili ikitoroka wairudishe bila kuigombeza.

Ya Volumu haikutoroka. Ilikuwa imeganda kwenye mlio. Kadiri chumba kilivyotulia ndivyo mlio ulivyonenepa, mpaka akahisi kichwa chake ni sufuria na mtu anaikwangua kwa kisu. Jasho likamtoka. Alifungua macho akawaona wenzake wametulia kama picha, akatamani kuwamwagia maji.

Walipomaliza waligawana maji ya kunywa, na Bibi Kimya akamwambia kwamba mgeni ana ruhusa ya kuuliza chochote.

"Nyie hapa mnatafuta nini?" Volumu aliuliza. "Kweli kabisa."

"Mimi hasira," muuza nyama alisema. "Zangu ziko jirani sana. Nilipiga ngumi kioo cha duka langu mwenyewe kwa sababu mteja aliuliza kama nyama ni ya leo. Sasa zikija naziona zikiwa bado barabarani."

Nesi alizungusha glasi mkononi kabla ya kusema. "Kuna zamu mtoto anatushinda, anafia mikononi mwetu. Nilikuwa narudi nyumbani nashindwa kumbeba wa kwangu, mikono inakataa. Nikikaa hapa nalia kidogo, basi. Nikifika nyumbani nambeba."

Wote wakamgeukia dereva wa tingatinga. Akapandisha mabega. "Mimi sina tatizo. Napenda tu. Wengine wanapenda kuogelea."

Volumu akamgeukia mwalimu. "Na mimi? Huu mlio utaisha lini?"

"Sijui kama utaisha."

"Sasa mimi nakaa hapa nafanya nini?"

"Unajifunza kukaa nao."

"Kukaa nao ninakaa tayari! Tunalala kitanda kimoja!" Alichukua viatu vyake mkononi, akashuka ngazi na soksi.

Asubuhi iliyofuata, muuza nyama alifika dukani kwake, aproni kiunoni, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Jana ulipoingia nilitaka kucheka. Nisamehe. Nikueleze kwa nini?"

"Eleza."

"Kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa somo letu." Akaelekeza kidole kwenye spika. "Nilipoanza, hayo madude yako yalikuwa yananipasua. Mwalimu akatuambia tusipigane nayo. Sikilizeni, anasema, angalieni mwili unafanya nini besi ikipiga. Mimi mwili wangu ulikuwa unataka kushuka kukuchinja. Sikutanii, Volumu, nilikuwa nimekaa pale juu, macho nimefumba, nachagua kisu. Siku moja nikajiona navyochagua kisu. Nikaona mtu mzima amekaa mkekani anachagua kisu! Nikacheka mpaka nikatolewa nje. Tangu siku hiyo ukipiga, nasikia muziki tu. Tena ile ya harusi naipenda."

Volumu aliigeukia ile spika kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kwa hiyo nakuuliza," muuza nyama alimalizia akisimama, "kama mimi nimeweza kukaa na wewe, wewe utashindwa na kamlio?"

Volumu alirudi juu jioni hiyohiyo, amekunja uso. Alikaa mahali pake akafumba macho, na mlio ukamjia kama kawaida yake. Lakini safari hii maneno ya muuza nyama yalimkaa kichwani: sikiliza. Na kusikiliza, jamani, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Tangu ujana wake alikuwa akiinama juu ya miksa, ile meza ya vitufe vya kusawazishia sauti, anatafuta mvumo uliojificha kwenye waya upi, chombo kipi, anausogelea mpaka anaupata. Hajawahi kuondoa mvumo kwa kuukimbia. Mlio huu alikuwa hajawahi kuusikiliza hata mara moja. Alikuwa akiukimbia tu.

Akausogelea. Uko juu, juu kuliko upatu. Si mmoja, ni miwili, mmoja mwembamba kama uzi na mwingine chini yake wenye mchanga kidogo. Sikio la kushoto linaongoza. Unapanda anapovuta pumzi, unalegea anapoitoa. Alishangaa kugundua kwamba kwa kipimo cha fundi, sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Angeipa alama ya chini kabisa kwenye miksa. Kilichokuwa kikubwa ni kingine: kifua kilichobana, meno yaliyoumana, na yule mtu ndani ya kichwa anayepiga mayowe kwamba kazi imekwisha, watoto watakula nini, uziwi huo unakuja. Hofu ndiyo iliyokuwa imeshika maikrofoni. Aliitazama kidogo, ikamtoroka. Akairudia pumzi. Hofu ikarudi. Akaitazama tena.

Alipofungua macho shingo yake ilikuwa imelegea, na mlio upo palepale.

"Vipi?" Bibi Kimya aliuliza.

"Upo," Volumu alisema. "Ila mimi nami nipo."

Kuanzia hapo alipanda kila jioni. Si kwamba kila siku ilikuwa nzuri. Kuna siku alikaa pale akapigana na mlio mwanzo hadi mwisho, akashindwa, akashuka akiwa amechoka kama aliyebeba spika mgongoni. Lakini alianza kulala. Nyumbani kijiko kilianguka naye akakiokota. Na simu ya kazi ilipolia, ya harusi kubwa ukumbini, alijisikia akisema, "Nitakuja," kabla hajatafuta kisingizio.

Siku ya harusi alivaa vizibo vyake vipya, akazipanga spika mbali na meza za wageni, akaweka sauti chini kuliko alivyowahi kuiweka maishani. Ilisikika safi, kila ala mahali pake. Lakini haikutetemesha kitu, na mjomba wa bwana harusi hakuridhika. Alimjia na glasi mkononi.

"Volumu! Umeumwa? Ongeza!"

"Inatosha, mjomba."

"Tumemwita Volumu, tumeletewa mnong'ono!"

"Umenisikia nilivyokujibu, mjomba? Nimekujibu bila kupiga kelele, na ngoma zinaendelea. Ndivyo inavyotakiwa."

Mjomba aliondoka akinung'unika. Muda si mrefu mshereheshaji, kwa mbwembwe zake, akapita na kipaza sauti mbele ya spika. Ukumbi ukapigwa na ukelele uliowafanya watu washike masikio. Volumu aliukata upesi, lakini kichwani mwake mlio ulilipuka, mkubwa kuliko siku zote. Moyo ukaanza kukimbia. Ile sauti ya zamani ikaanza kumpigia mayowe: toka, toka hapa.

Hakutoka. Aliikita miguu sakafuni vizuri. Akatoa pumzi ndefu. Akausikia mlio, akausikia moyo, akavisikia vijiko vya wageni, akaviacha vyote vilie pamoja. Moyo ukatulia wenyewe, wala hakuulazimisha.

Alifanya vizuri kubaki, kwa sababu aliyefuata kusimama alikuwa baba wa bibi harusi. Mzee huyo alikuwa ametoka kuumwa kiharusi, na sauti yake ilikuwa pumzi tupu. Ndugu zake walikuwa wameshamwomba aketi tu, mtu mwingine amsemee. Volumu aliinama, akapunguza hiki, akainua kile, akaitafuta sauti ya yule baba mpaka akaipata, akaileta mbele taratibu. "Mwanangu," ukumbi wote ukasikia, wazi kama anaongea mezani kwako. Alisema maneno machache. Alimwambia binti yake kwamba siku alipozaliwa yeye alikuwa safarini, na kwamba tangu hapo hakuipenda tena safari yoyote. Hata watoto waliacha kukimbizana. Mjomba wa bwana harusi alilia waziwazi, glasi imesahaulika mkononi, na baadaye alimjia Volumu akamkumbatia kimya.

Simu za kazi zilianza kumiminika upya. Wengine walilalamika kwamba siku hizi hapigi kama zamani. Aliwajibu kwamba ndiyo, siku hizi anapiga vizuri.

Jumamosi moja jioni alikuwa ameshavua viatu mlangoni kwa Bibi Kimya aliposikia hatua kwenye ngazi za chuma. Alikuwa mkewe, mtandio mabegani, mkeka wake kwapani, mpya, bado una karatasi ya dukani. Hakuwa amemwambia lolote.

"Na wewe?" Volumu aliuliza kwa mshangao. "Umesikia mlio?"

"Sina mlio."

"Watoto wa darasani wanakuchosha?"

"Watoto hawana neno."

"Sasa kuna nini, mke wangu? Niambie."

"Nina yangu," mkewe alisema kwa upole, akavua viatu, akaviweka kando ya vyake.

Alitaka kuuliza zaidi. Maneno yalifika ulimini. Akayaona yalivyofika, akayaacha. Alimsogezea nafasi karibu na dirisha, penye hewa, akamsaidia kubandua ile karatasi ya mkeka, kisha wakakaa.