Gari la Mchungaji Lililonyamaza

Mchungaji Yakobo alipofika makaburini Makwale na gari jipya la usharika, waombolezaji wote walilala kifudifudi. Hawakuwa wanasali. Gari lilikuwa limelipuka, pah! pah-pah-pah! na ulimi wa moto ukachungulia kwenye bomba la moshi. Mchimba kaburi mmoja alijitupa shimoni, ikabidi abembelezwe kutoka, maana alishaona kule chini kuna usalama kuliko huku juu.

Keziya naye alikuwa chini, shavu kwenye majani, lakini hakuwa anaogopa. Alikuwa anasikiliza. Alikuwa fundi wa umeme wa magari kule Kyela mjini, na injini ikikohoa yeye hutega sikio kama mkunga.

"Lile gari si bovu," alimnong'oneza mama yake aliyelala kando yake. "Limefundishwa tabia mbaya."

"Basi lichapwe," alijibu mama yake, mdomo umejaa nyasi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, limeinama pua kama linanusa barabara. Wazee wa kanisa walilichagua kwenye picha ya simu, na picha haina sauti. Mwenye gari wa kwanza alikuwa kijana wa mashindano ya magari. Huyo alibadilisha maandishi ndani ya kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi huiita kontrol boksi, ili dereva akiinua mguu, injini iendelee kumwagiwa petroli na cheche zichelewe, petroli ikawakie mbele ya safari, ndani ya ekzosi. Wapo vijana wanaopenda kelele hiyo kuliko chakula.

Watu wa Makwale walivumilia, wakazoea, hadi siku Mchungaji alipokwenda kumtembelea Mzee Davidi, mzee wa kanisa. Aligeuza gari karibu na choo cha nyasi, akainua mguu, pah! Paa likashika moto. Mzee Davidi alikuwamo. Alitoka kabla hajamaliza alichoingilia, na kwa muda mrefu alikuwa akisimulia habari ile akiwa amesimama, hata kama kiti kipo.

Ndipo gari likapelekwa kwa Keziya.

Keziya aliichomoa kontrol boksi akaiweka juu ya meza barazani. Akaiunganisha na kisanduku chake cha kuidanganya, chenye kitufe cha kuzungusha, kinachoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, gari linatembea, dereva amekanyaga. Nozeli nne, zile zinazoitemea injini petroli, akazining'iniza juu ya glasi nne za mama yake, zile za wageni, ili aone kila moja inatema kiasi gani. Hakutumia petroli. Alitumia dawa ya kusafishia nozeli, maana hakutaka kuunguza nyumba ili kuokoa vyoo.

Mama yake alikuja na ungo wake wa mchele, akatazama.

"Gari liko wapi?"

"Liko nje, mama. Hii ni akili yake tu. Inadhani iko barabarani."

"Inadhani inakwenda wapi?"

Keziya alizungusha kitufe. Nozeli zikalia ti-ti-ti-ti. "Tuseme inakwenda Matema."

"Basi ikifika sokoni Lyulilo inichukulie chungu kimoja. Kikubwa, kisichovuja."

Keziya alianza kwa kunakili maandishi ya zamani na kuyahifadhi, asije akaharibu akakosa pa kurudi. Kisha akalifungua jedwali la mafuta kwenye laptopu. Aliyeliandika alikuwa mtu wa ajabu. Pale injini inapobanwa na mlima, ambapo inataka petroli ya kutosha isijiunguze, alikuwa mchoyo. Pale dereva anapoinua mguu, ambapo haihitaji hata tone, alikuwa mkarimu kama baba wa bwana harusi. Keziya akaongeza pale penye uchoyo, akafunga bomba pale penye ukarimu, akazirudisha cheche kwenye saa yake. Akazungusha kitufe, akaachia. Nozeli zikanyamaza. Zikaendelea kunyamaza. Na kompyuta nayo ikaona injini imezimika.

"Imefika?" aliuliza mama.

"Imezima njiani. Nimekata mafuta kupita kiasi."

"Nilijua. Itakuwa pale Ipinda. Pale kila gari huzima."

Keziya alirudia. Safari hii, mwendo ukishuka sana, petroli ilirudi kidogo kidogo, ya kuishikilia injini tu. Alizungusha na kuachia mara nyingi mpaka mama akasema gari hilo sasa limeshafika Malawi na kurudi. Kesho yake akaifunga kontrol boksi garini, akaliendesha hadi Makwale. Halikulipuka hata mara moja. Lilipita kimya kama paka aliyeiba dagaa. Keziya alijisikia vizuri sana, akaimba njia nzima.

Balaa lilianzia hapo.

Mchungaji Yakobo alikuwa mtu mpole, lakini kanuni za usharika hazikuwa za kwake. Mwanakwaya akikutwa kwenye pombe, alisimamishwa kuimba. Wakati wa milipuko hakuwahi kukutwa mtu. Mlio ulisikika kuanzia darajani, na gari lilipofika kwa Veronika, mpika kimpumu, pombe ya kunywa kwa mrija, watu walishaficha vyungu na kuanza kujadili habari za mpunga. Sasa gari halikutoa mlio. Jumatatu Mchungaji aliwakuta waimba besi wote kwa Veronika, wamezunguka chungu. Jumatano akawakuta tena, safari hii pamoja na waimba tenori. Isaya, besi mkuu, aliyekuwa ameomba ruhusa ya kuuguza mgongo, alikutwa anacheza ngoma, na mgongo ndio uliokuwa ukifanya kazi kubwa zaidi.

Asubuhi moja ujumbe wa watu watatu ulifika uani kwa Keziya: Veronika, Isaya na Mzee Davidi.

"Mugonile, fundi," Veronika alianza, na salamu ikachukua muda wake. Kisha akasema, "Tunaomba uturudishie milipuko."

Keziya aliwatazama mmoja mmoja. "Mzee Davidi, na wewe? Na choo chako?"

"Nimeshaezeka kwa bati," alisema Mzee Davidi kwa heshima.

"Haiwezekani. Ule ni moto, wazee wangu. Siku moja utaingia kwenye mabua ya mpunga, kijiji kizima kiondoke. Petroli siwezi kuirudisha."

"Hata kidogo tu? Ya kwa Veronika peke yake?" Isaya alibembeleza, huku akichungulia barabarani. Gari jekundu lilikuwa limeshaingia uani. Hakuna aliyelisikia.

Wote watatu wakajitosa nyuma ya pikapu bovu, chini ya turubai lililolifunika. Turubai likatikisika, likatulia, kisha likapiga chafya.

"Ugonile, Keziya mwanangu," alisema Mchungaji Yakobo akishuka. Alikuwa amekonda. "Kazi yako ni nzuri. Nzuri mno."

"Karibu, Baba Mchungaji. Kuna tatizo?"

Mchungaji alitazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Zamani nikifika darajani nilikuwa nainua mguu makusudi. Mimi si mtoto, najua kwa Veronika kuna nini. Pah-pah, nawapa nafasi, nafika nawakuta wanajadili mpunga, nami nafurahi. Sasa nafika, naona. Nikishaona, lazima nitende. Jumapili iliyopita nimeimba besi peke yangu, mwanangu, nikaishiwa pumzi kabla ya mahubiri." Akamshika mkono. "Nirudishie japo kamlipuko kadogo."

"Kamlipuko kadogo kanaunguza kachoo kadogo, Baba."

Mchungaji akakaa juu ya tairi, amekata tamaa. Keziya alimhurumia. Hakuweza kugusa mafuta, lakini kompyuta ile ilikuwa na waya mmoja usiotumika. Waya hauna haja ya kumwaga petroli ili upige kelele. Akatazama vyuma chakavu vya uani, macho yakatua kwenye king'ora cha lori bovu, kile kinachotangaza dereva anaporudi nyuma.

"Subiri kidogo," alisema.

Akaitoa kontrol boksi, akairudisha mezani barazani, akaandika mistari michache: mwendo ukipungua ghafla, waya huu uwake. Jedwali la mafuta hakuligusa. Akakiunganisha king'ora, akazungusha kitufe juu, ti-ti-ti-ti, gari la kufikirika likakimbia.

"Tazama glasi kwanza, Baba. Nikiachia, lisidondoke hata tone."

Akaachia. Nozeli zikanyamaza. Glasi zikatulia. Kisha sauti ya mwanamke ikapasuka uani, kali, ya kutikisa mabati:

"TAHADHARI! GARI LINARUDI NYUMA! TAHADHARI! GARI LINARUDI NYUMA!"

Turubai liliruka. Watu watatu waliokuwa wamejikunyata nyuma ya pikapu, wakiamini kuna gari linawajia, walitoka mbio kila mmoja na upande wake. Veronika alipanda juu ya ndoo. Isaya, mwenye mgongo mbovu, aliruka ukuta, kisha akakumbuka viatu, akaruka tena kurudi. Mzee Davidi alijifunga na turubai, akazunguka nalo uani kama mzigo uliopata miguu, mpaka akasimama mbele ya Mchungaji.

Keziya akazima king'ora.

"Mzee Davidi," alisema Mchungaji. "Unafanya nini humo?"

"Nilikuwa naomba, Mchungaji."

"Chini ya turubai?"

"Imeandikwa tuingie chumbani, tufunge mlango."

"Mimi nilikuwa nashikilia mlango," alisema Veronika kutoka juu ya ndoo.

Mchungaji akawatazama. "Kwa hiyo mmesikia yote?"

"Sikio langu moja halisikii," alisema Isaya akivaa viatu. "Lakini hili jingine limesikia."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama yake Keziya, dirishani, kisha Mchungaji mwenyewe, akacheka hadi akashika meza, glasi zikagongana. Wengine walicheka kwa tahadhari, kama watu ambao bado hawajasamehewa rasmi. King'ora kilifungwa garini siku ileile.

Mchungaji akawarudisha kwayani, Jumapili besi zilijaa tena, na mambo yakaenda vizuri mpaka mkuu wa jimbo alipokuja kukagua usharika. Keziya aliombwa akae kiti cha nyuma na laptopu yake, aiangalie injini njiani, maana mgeni alikuwa amesikia habari za choo. Wakapita darajani, Mchungaji akainua mguu.

"TAHADHARI! GARI LINARUDI NYUMA!"

Mkuu wa jimbo alishika mlango, akageuka kutazama nyuma, akatazama mbele. "Mbona linakwenda mbele?"

"Ni waya, Baba," alisema Mchungaji.

"TAHADHARI! GARI LINARUDI NYUMA!"

Walipofika kwa Veronika, uwanja ulikuwa umefagiliwa. Wanakwaya walikaa kwa mistari, wanaimba pambio kwa sauti nne. Isaya alisimama katikati, macho ameyafumba kwa uchaji, mrija wa kimpumu ameusahau juu ya sikio. Mkuu wa jimbo aliutazama mrija ule kwa muda.

"Mchungaji," aliuliza polepole, "hebu niambie ukweli. Huku ni nani hasa anayerudi nyuma?"

"Sijawahi kumkuta, Baba," alisema Mchungaji Yakobo. "Kila nikifika, wote wameshatubu."

Keziya aliinamia laptopu akijifanya anakohoa. Kwenye kioo, kila pale Mchungaji alipokuwa ameinua mguu, mstari wa petroli ulikuwa umelala chini kabisa, sifuri.