Meza Iliyolipiwa Kiwango cha Chini

Kila mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha jioni, vyombo viliondolewa mezani, kitambaa kikakunjwa, na Seremala akachukua msumeno na kukata ncha ya meza. Mkewe alishika upande wa pili ili isitikisike. Wifi yake, dada wa Seremala, hakuinuka. Alichokonoa meno na kuwaelekeza.

"Kata wima, kaka. Unapindisha."

"Naona."

Kilichodondoka hakikuzidi unene wa kipande cha sabuni. Seremala alikipiga msasa, akakiweka kwenye kona juu ya vingine, akajipangusa vumbi kwa uso wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Meza hiyo ilinunuliwa dukani kwa kadi ya mkopo. Seremala angeweza kuitengeneza mwenyewe, na mafundi wenzake hawakuacha kumkumbusha hilo, lakini Wifi alikuwa amesema kwamba watu wenye hadhi hawali juu ya mabaki ya mbao za wateja. Ilipoletwa ilikuwa meza ya watu sita. Mwezi uliofuata ilikuwa imerefuka kidogo, na haikuonekana ajabu, kwa kuwa muuzaji alikuwa ametaja riba. Wifi alipoitumia kadi hiyo hiyo kununulia mawigi, ilirefuka tena. Benki ikiwa haijapokea malipo, ubao ulikuwa mgumu kama jiwe na msumeno uliteleza juu yake. Malipo yakishapokelewa, ulikatika kama mkate, lakini kwa kiasi kile tu ambacho benki ilikubali kukipunguza.

Seremala alilipa kiwango cha chini, kile ambacho benki ilikichapa kwa wino uliokolea, na hakuchelewa hata mara moja. Alikuwa na wateja waliomzungusha miezi na miezi kwa ajili ya mlango mmoja, naye aliwadharau. Kwake yeye, benki ilipotaja kiasi, hicho ndicho ilichodai. Mwenye kukitoa alikuwa amemaliza, angeweza kupita mbele ya jengo lao kifua mbele.

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Nyumbani ndiye aliyeifuta meza, na anayeifuta meza hujua kama imeongezeka.

Mwaka huo ncha ya meza ilifika kwenye ukuta wa sebule. Ukuta haukupasuka. Uliipisha, kama mtu anavyojisogeza kwenye benchi ili mwenzake apite, na meza ikaingia chumbani kwa binti yao, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kumaliza shule. Ilikikuta kitanda, ikakisukuma taratibu hadi ukuta wa nje, kisha ikaanza kupanda juu ya godoro.

"Mama, nikijigeuza nagonga kichwa."

"Jigeuzie upande wa pili, mwanangu."

"Upande wa pili ni ukuta."

Jioni hiyo mama alizungumza kabla ya mumewe kushusha kijiko.

"Baba, meza imemfikia mtoto."

"Si naikata? Au juzi hukuwepo?"

"Unakata kidole, inarudi kidole. Wifi akipita dukani, inarudi viganja viwili."

"Kwa hiyo mimi mjinga. Nalipa kila mwezi, silali na deni la mtu, halafu mjinga ni mimi."

Wifi alicheka kwa pua. "Mwache, kaka. Hajazoea. Kwao walikula sakafuni."

"Sakafu ya kwetu haikumfukuza mtu kitandani," mama alijibu.

"Ndiyo maana hata mgeni hakuja."

Kesho yake, akiwa bado ananuka dawa ya kufulia, mama alikwenda benki. Afisa wa kadi alikuwa msichana mwenye kucha ndefu na sauti ya upole. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza kama meza ni ya mbao au ya kioo.

"Mbao."

"Afadhali. Kioo huwakata watu." Akabofya, akatazama skrini. "Mume wako ni mteja mzuri sana, mama. Hachelewi kabisa."

"Kama hachelewi, mbona haiishi?"

"Kiwango cha chini hakikuwekwa ili deni liishe. Kimewekwa ili lisihesabiwe kuwa limechelewa. Anacholipa, karibu chote kinakwenda kwenye riba. Kinachobaki ndicho kinachokata mbao."

"Akiendelea hivyo hivyo?"

Afisa aliigeuza skrini, kisha akairudisha kabla mama hajaisoma. "Wajukuu wako wataikuta."

"Na ninyi mlilijua hilo."

"Imeandikwa kwenye karatasi, mama."

"Mbona hamkumwambia kwa mdomo?"

"Hakuuliza. Na mtu anayetulipa vizuri, kwa nini tumsumbue?"

Alisema hivyo bila ubaya, na jambo hilo lilimchoma mama kuliko kama angetukanwa.

Wiki hiyo zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Wafuaji wenzake walimkabidhi bahasha ambayo alikuwa ameingoja tangu mwaka uliotangulia, akaenda nayo moja kwa moja benki na kuilipa yote kwenye kadi. Jioni hakumsubiri mtu. Alichukua msumeno, akaingia chumbani kwa binti, akakata. Ubao ulimtii. Vipande vinene vilianguka kimoja baada ya kingine. Binti alivitoa nje kwa mikono miwili. Meza ilirudi nyuma hadi sebuleni, ukuta ukajifunga nyuma yake, na rangi haikuwa na hata alama. Usiku huo binti alilala amenyoosha mikono.

Asubuhi waliketi kwenye meza iliyofupika, wamekaribiana hadi magoti yakagusana. Seremala hakula.

"Umekwenda kunivua nguo benki," alisema.

"Nimekwenda kumtafutia mtoto mahali pa kulala."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia."

Hapo simu ya Seremala ililia kwa ujumbe. Benki ilimpongeza kwa malipo yake makubwa na kumjulisha kwamba kadi yake sasa ilikuwa na nafasi ya kutosha, na kwamba kwa uaminifu wake nafasi hiyo ilikuwa imeongezwa. Aliusoma mara mbili kwa sauti. Uso wake ulikunjuka.

"Kaka," Wifi alisema, akijilamba vidole, "nafasi yote hiyo ikae bure?"

Mama aliporudi kutoka kazini siku ya tatu, sebuleni palikuwa na kabati la vioo na makochi yaliyofunikwa nailoni. Meza ilikuwa imekwisha kupita ukutani. Ilikuwa imefika katikati ya chumba cha binti, nene na inayong'aa, na kitanda kilikuwa kimefunguliwa vipande na kuegemezwa barazani.

"Umenunua kwa nafasi gani?" alimuuliza mumewe.

"Ile uliyoifungua wewe," Seremala alijibu, wala hakuwa akitania.

Wifi alimkaribisha kwenye kochi. Alimwambia avue viatu kwanza.

Mama hakuketi. Alikuta binti ametandika godoro juu ya meza, kichwa kikiwa kwenye ncha, kwa sababu huko hakuna aliyekula, naye anasoma kwa sauti ya chini huku miguu yake ikielekea ukutani. Mama alimwomba mumewe nyundo, naye akampa bila kumtazama. Alipanda juu ya meza, akapigilia msumari darini juu ya kichwa cha mtoto, akatundika chandarua. Kisha akasogea mbele, akapigilia wa pili mahali ambapo chini yake palikuwa na sakafu tupu.

"Mama, huo umeuweka mbali."

"Huo ni wa mwezi ujao," mama alimwambia, akatoa msumari mwingine mdomoni.