Makinda Wanne Ukingoni

Chausiku alikuwa na wiki ya tatu tangu arudi Tandika kutoka Antaktika, na mama yake, Bi Farida, alishaanza kuuliza kama huko kwenye barafu alikula kitu kikamharibu tumbo. Sahani ya wali ilikuwa ikirudi jikoni vilevile ilivyotoka. Chausiku alisingizia joto.

Kilichomkosesha raha ni ujumbe wa Daktari Revelian, mtu wa Bukoba aliyeongoza kambi yao ya watafiti wa pengwini. Ndiye aliyemtetea kwa wafadhili walipouliza kwa nini achukuliwe binti ambaye hajawahi hata kuona theluji. Sasa daktari alikuwa ameandika kwa furaha kwamba amepata nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano mkubwa, na atakachotanguliza ni wale makinda wanne wa Chausiku.

Habari ya makinda hao ilikuwa hivi. Mwezi wa Novemba, barafu ya bahari ambayo pengwini wale hulelea watoto wao ilipasuka mapema. Makinda walikuwa bado na manyoya ya kitoto, yale ya kijivu yanayonyonya maji kama pamba. Chausiku alikuwa zamu peke yake ukingoni, na kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kanuni ya kambi ilijulikana: mtafiti anatazama, hagusi. Alihesabu mia na kumi wakitumbukia. Halafu mmoja akaja kupapatika chini ya miguu yake kabisa, na mkono ukaitangulia akili. Akamvuta. Akavuta wa pili, wa tatu, wa nne, mpaka glavu zikaganda vidoleni.

Kufika jioni watatu walikuwa wamekufa kwa baridi. Wa nne hakumwona tena. Kwenye daftari aliandika: "Wanne wamepanda wenyewe."

Aliamini maneno hayo matatu yatapotelea ndani ya takwimu. Kumbe daktari aliyaona ni ugunduzi: kwamba kinda asiyekomaa anaweza kujiokoa, na kwamba hali ya pengwini hao huenda si mbaya kama inavyohofiwa. Watu wangeamini hivyo, na wangepumua.

Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, alimpigia simu.

"Shikamoo daktari. Wale wanne hawakupanda. Niliwavuta mimi."

Alipomaliza kueleza yote, daktari hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, na kama kuna mwenzao mwingine aliyegusa. Mwishowe akasema, "Kuwavuta ningekuelewa. Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Niliogopa utanirudisha nyumbani."

"Na sasa sitaweza kukurudisha kule."

Akamweleza kwamba atawaandikia wote, wafadhili wakiwemo. Madaftari yake yote ya msimu yatapitiwa upya, na nafasi yake ya mwaka ujao atapewa mtu mwingine. Kisha akaaga.

Bi Farida alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Aliuliza jambo moja tu, kama yule wa nne alipona.

"Sijui, mama."

Mama akasema kuwa angekuwa yeye angewavuta vilevile, lakini asingeandika vile.

Alipobaki peke yake alifungua daftari, akaukata ule mstari kwa mchoro mmoja ili maneno ya zamani yaendelee kusomeka, kama walivyofundishwa. Juu yake akaandika: "Niliwavuta mimi. Watatu walikufa, mmoja hajulikani." Akatia saini na tarehe, akapiga picha, akamtumia daktari. Aliona kwamba imesomwa. Jibu halikuja siku ile wala kesho yake.

Jumatatu asubuhi alirudi ukurasa wa kwanza wa msimu, akaanza kusoma mstari kwa mstari, kalamu mkononi, akijiuliza ni wapi pengine aliandika alichokitaka badala ya alichokiona.