Maneno ya Mwanamke wa Jikoni

Mgeni aligeuza shingo mara ya tatu, na safari hii hakuirudisha kwenye televisheni. Alimkazia macho Fundi. Kwenye kioo, mwanamke mwenye kitambaa kichwani alikuwa akiosha vyombo na kuzungumza na mwenzake, na Fundi, kutoka kwenye kigoda chake, alikuwa akiyafuata maneno hayo kwa sauti.

"Anasema amepata kitu chini ya kwapa," alisema. "Kigumu, kama punje ya hindi. Miezi inakatika na bado hajamwambia mumewe."

"Mungu wangu!" Mkunga alijishika kifua. "Kwa nini hamwambii?"

"Subiri, analisema hilo sasa hivi. Anasema mumewe ni mtu wa kazi. Akimwambia, ataacha kila kitu, atauza mpaka vifaa vyake."

"Mwanamume wa namna hiyo mimi sijamwona."

"Utamwona wapi?" alidakia Kinyozi. "Wewe uliwazalisha wake zao. Wenyewe walikuwa nje ya mlango, wanalia kuliko mtoto."

Mkunga alicheka mpaka springi za kochi zikamjibu. Mgeni hakucheka. Aliendelea kumtazama Fundi kama mtu anavyomtazama mpita njia anayetembea huku mgongoni kwake kumeshika moto.

Walikuwa wanne, kila Jumapili alasiri, ndani ya karakana ya makochi. Mahali pengine wapenzi wa filamu hupigania viti. Hapa viti ndiyo ilikuwa kazi. Kila mtu alichagua kochi la mteja lililokwisha kushonwa, linalomngoja mwenyewe, na Fundi aliwatandikia shuka ili wasiache alama. Sharti lao lilikuwa moja. Anayependekeza filamu husimama kwanza, akasema filamu ile inamfaa mtu gani na kwa nini, kisha huketi kwenye kigoda kisicho na mto mpaka mwisho. Ukiwaletea wenzako filamu mbovu, angalau na wewe matako yakuume.

Kinyozi alipenda vita. Mkunga, aliyestaafu baada ya miaka thelathini wodini, alipenda mapenzi, hasa ya watu wasiooana. Mgeni alikuwa mdogo wa kike wa Mkunga, amerudi juzi tu baada ya miaka kumi na sita ya kuwaogesha wazee wa watu katika nchi ya mbali. Jina la Mgeni alipewa na Kinyozi siku ya kwanza, likamganda. Kama dadake, naye alimwita Fundi shemeji, kwa heshima ya mkewe, si kwa undugu.

Fundi yeye alipendekeza filamu za boksi. Zilikuwa diski tisa ambazo mkewe aliachiwa na familia moja ya kigeni aliyoilelea watoto kwa miaka sita. Familia ilipofunga mizigo kurudi kwao, ilimwachia mkewe boksi lile, na lugha yao kichwani. Filamu hazikuwa na maandishi wala tafsiri. Mkewe ndiye aliyekuwa maandishi. Alikuwa akiingia karakanani alasiri, anaweka diski kwenye deki, anaketi karibu na Fundi na kumnong'oneza kila neno huku yeye akiendelea na kazi. Sasa alikuwa na miezi minane kaburini. Fundi, ambaye hakujua hata salamu ya lugha ile, alizirudia filamu mbele ya rafiki zake kwa maneno ya mkewe. Ndiyo njia pekee aliyoipata ya kuwa naye chumba kimoja.

Jumapili iliyotangulia, Mgeni alipoona filamu ya boksi kwa mara ya kwanza na kusikia lugha ya nchi alikofanya kazi, alipiga makofi. "Shemeji! Neno kwa neno! Hata ule utani wa kofia ameupatia, nao ni mgumu kuutafsiri. Marehemu dada alikuwa anaijua hii lugha, jamani."

Fundi alitembea wiki nzima na sifa hiyo kama mtu aliyevaa shati jipya.

Leo Mgeni hakupiga makofi. Filamu ilifika mwisho: mume akaingia, mwanamke akafuta mikono, akacheka, akaandaa meza. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

"Ndiyo nini sasa?" Kinyozi alinyanyuka. "Hajamwambia! Mbona imekatika?"

"Ina sehemu ya pili," Fundi alisema. "Marehemu aliniambia hivyo hivyo."

"Unayo?"

"Ninayo. Ndiyo ya mwisho kwenye boksi."

"Basi Jumapili ijayo ni hiyo. Ukiumwa, tunakuja kukubeba na kigoda chako. Siwezi kukaa na huyu mama rohoni mwangu zaidi ya wiki moja."

Mkunga aliitikia. Mgeni alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake. Alitoka bila kuaga, na dadake alimwombea radhi: huko alikotoka, alisema, watu huondoka kama paka.

*

Mgeni alirudi Jumanne, peke yake. Fundi alikuwa amelipindua kochi moja kubwa la kijani, analivua kitambaa. Lilikuwa kochi zuri. Mwenyewe alilileta abadilishiwe rangi tu. Fundi alikuwa na desturi ya kulikandamiza kochi kwa kiganja kabla ya kulichana, na kwa kiganja hicho aliweza kukuambia nani hukaa wapi, nani mzito, nani ana mgongo mbovu, nani na nani hawakai tena pamoja. Kinyozi alikuwa akisema Fundi anaujua mji mzima kwa makalio yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Karibu, kaa. Si hilo, hilo lina gundi."

Hakukaa. "Shemeji, nimekuja kukuomba kitu. Hiyo sehemu ya pili usiionyeshe."

"Kwa nini?"

"Si sehemu ya pili. Naijua. Ni filamu nyingine kabisa, mwigizaji tu ndiye yule yule." Alitafuta pa kuweka mikono yake, akaiweka juu ya mkoba. "Na yale maneno ya jikoni... hayamo."

"Hayamo kivipi?"

"Yule mama anaongea habari za paa. Paa linavuja kwenye chumba cha watoto, fundi wa mapaa ameahidi kuja hajaja. Ndilo analomwambia mwenzake. Hakuna kwapa, shemeji. Hakuna punje. Filamu nzima hakuna mgonjwa hata mmoja."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemtetea mtu wake. "Basi alikosea. Binadamu."

"Aliyepatia utani wa kofia hawezi kukosea paa."

Mkasi wa Fundi ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mshono. Akauvuta, kwa sababu mkono ulikuwa haujapata habari. Kitambaa cha kijani kilifunguka, kizima, hakina hata doa, na chini yake mbao zikamwagika unga. Mchwa walikuwa wameila fremu nzima kutoka ndani. Unga ulishuka juu ya viatu vyake taratibu, na wote wawili wakautazama unavyoshuka.

"Mliiangalia lini?" Mgeni aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi alijua lini. Ilikuwa mwaka mzima na zaidi kabla ya asubuhi ile mkewe alipoanguka bafuni. Daktari alisema uvimbe ulikuwa umekaa muda mrefu, haiwezekani mwenyewe hakuujua. Na Fundi, pale msibani, aliwajibu wote waliokuja kumshika mkono, mmoja baada ya mwingine, kwa neno lile lile: "Hakuniambia. Mke wangu hakuniambia." Watu walitikisa vichwa. Wengine walimlaumu marehemu, kwa upole, na yeye aliwaacha wamlaumu.

"Nilimwita mjinga," alisema.

"Nani?"

"Yule mwanamke wa jikoni. Nilisema, huyu mwanamke mjinga, kwa nini hasemi? Akacheka. Akasema, 'Labda anaogopa.' Halafu akasema ina sehemu ya pili."

Mgeni aliketi, kwenye kochi lenye gundi.

"Na sehemu ya pili alikuambiaje?"

Hapo ndipo Fundi aliposhikwa na baridi, saa nane mchana, jua likiwa mlangoni. Alifungua kinywa ajibu na hakukuta kitu.

*

Tangu Jumapili alikuwa anajua kwamba ile sehemu ya pili haikumbuki vizuri. Alidhani itamjia, kama zilivyomjia nyingine, picha ikivuta neno. Haikuja. Alichokumbuka ni kazi. Kulikuwa na seti ya makochi saba ya ukumbi, na tarehe ilikuwa imemkaba. Alikuwa anapigilia gunia chini ya springi, na fundi anayepigilia gunia hujaza misumari midogo mdomoni, kumi, ishirini, akaitoa mmoja mmoja kwa ulimi huku mkono umeshika nyundo. Huwezi kusema na mdomo wa namna hiyo. Unaguna.

Mkewe alimnong'oneza filamu nzima. Saa moja na nusu. Naye aliguna.

"Mm."

Alikumbuka kwamba wakati fulani mkewe aliacha kutafsiri, akamgeukia. "Sasa ingekuwa wewe ndiye mumewe, ungefanyaje?"

"Mm," alisema Fundi, akapigilia.

Filamu ilipokwisha, mkewe aliitoa diski, akaifuta kwa upindo wa kanga yake, akairudisha kwenye boksi. "Haya," alisema. "Nimekusikia." Akaenda kupika.

Siku tatu zilizofuata Fundi alifunga mlango wa karakana. Waliobisha hodi walisikia nyundo ndani wakadhani ana kazi ya haraka. Aliweka diski kwenye deki, akajaza misumari mdomoni, akainama juu ya fremu tupu na kupigilia gunia lisilo la mteja yeyote. Aliamini mwili unakumbuka kuliko kichwa. Filamu ilipita. Aliirudisha mwanzo. Mwanamke yule yule, safari hii katika chumba chenye dirisha kubwa, akizungumza, akizungumza, na chini ya sauti yake ya kigeni Fundi alitafuta sauti nyingine.

Alhamisi aliupata mwanzo wa sentensi moja. "Anasema, siku hiyo ikifika, usiache..." Kisha nyundo. Aliirudia sehemu ile mara kumi na nne. Kila mara ilimfikisha kwenye *usiache*, na kila mara nyundo yake mwenyewe ikaangukia palepale. Usiache nini? Mlango wazi? Kazi? Fulani auoshe mwili wake? Ijumaa akatema damu kidogo pamoja na misumari, akaona ameuma shavu.

Jumamosi Mkunga alimletea chakula, akakuta hajanyoa. Alimtazama kwa jicho lile lililozoea kupima watu kabla hawajasema wanaumwa wapi.

"Mdogo wangu amenieleza," alisema. "Usimkasirikie. Nilimlazimisha."

"Sijamkasirikia."

"Tuiache kesho, shemeji. Kinyozi nitamwambia deki imeharibika."

"Hapana. Njooni."

"Kufanya nini? Maneno yake hayamo mle ndani."

"Najua hayamo." Alisukuma sahani pembeni. "Lakini alikuwa amekaa pale nilipokaa, dada. Anatazama kile ninachotazama. Kila picha iliyopita, alikuwa na jambo la kuniambia juu yake. Labda mkiwa mmekaa nyote, kama siku zote, nikasimama nikasema, itanijia. Peke yangu haiji."

Mkunga aliifunika sahani, akaiacha.

*

Jumapili walikuja mapema. Kinyozi hakuwa ameambiwa kitu. Aliingia na mfuko wa karanga na kelele zake, akachagua kochi la katikati, akajinyoosha. "Leo lazima mume ajue. Asipojua, Fundi, kesho ukija kunyoa nakuachia nusu kichwa."

Mgeni na dadake waliketi pamoja, mikono ikigusana.

Fundi alisimama, kama lilivyo sharti. Wakangoja aseme filamu inamfaa nani.

"Hii inanifaa mimi," alisema.

"Wewe umeshaiona!" alisema Kinyozi.

"Sijaiona."

Akabonyeza. Dirisha kubwa likatokea, mwanga mweupe, mwanamke amewapa mgongo. Kwa muda mrefu hakugeuka. Kinyozi alikuwa anatafuna karanga, kisha hakuzitafuna tena. Mwanamke akageuka, akamtazama mtu asiyeonekana, akaanza kusema.

Fundi alifungua kinywa.

Mwanamke alisema, akanyamaza, akasema tena. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya kigeni, haina haraka. Fundi alibaki amefungua kinywa.

"Shemeji," Mgeni alinong'ona. "Nikusaidie? Nikwambie yaliyomo?"

Alitikisa kichwa. Akaiendea televisheni, akapunguza sauti hatua kwa hatua mpaka ikafa. Karakana ikawa kimya kiasi kwamba walisikia kitambaa kikijivuta chini yao kila walipopumua.

"Kulikoni?" Kinyozi aliuliza, sasa bila mzaha. Aliwatazama wanawake, akamtazama Fundi. "Anasema nini?"

Fundi alipiga magoti mbele ya kioo. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa ikiendelea kucheza, taratibu, kwa mtu ambaye ana mambo mengi na hataki kurudia. Aliinama, akaizuia pumzi yake kwanza, kisha akaliweka sikio lake pale, karibu kabisa na midomo ile, kwenye mwanga.